Gesi Isiyotaka Kitu

3 Februari

Mjomba,

Samahani kwa hilo doa hapo juu, si mimi. Bosi amenipanda mapajani sasa hivi, akachovya kidole kwenye chai yangu, akakibandika katikati ya karatasi, halafu akanitazama usoni kama mtu aliyemaliza kutia sahihi. Nilitaka kuchana nianze upya, nikaona hapana, ifike hivyohivyo ujue mjukuu wako anakusalimia. Ana mwaka mmoja na miezi minane, meno kumi na mawili, na neno lake la wiki hii ni "bado". Ukimwambia alale, bado. Ukimwambia ashuke mezani, bado. Jana baba yake alikuwa anatoka kwenda kwenye tanuri lake la mikate, akamng'ang'ania suruali: "Bado!" Ndiyo maana tunamwita Bosi.

Shikamoo, mjomba. Sisi wazima. Mama mzima, goti tu ndilo linamsumbua akipanda ngazi. Anasema hakusalimii mpaka ujifunze kupokea simu. Nimemwambia wewe ulishasema simu ni ya kuulizia bei na kupeana habari za misiba, mtu akitaka kuelezwa kitu sawasawa aandike. Akasema, "Kaka yangu huyo alizaliwa mlango umefungwa." Basi mimi nimeandika.

Jambo lenyewe ni hili. Ile karakana niliyokuambia nasafisha vyuma na kupiga msasa, sasa wananifundisha kuchomelea. Siyo mageti, mjomba! Alumini. Tunatengeneza makopo ya maziwa, yale makubwa yenye mashikio mawili. Fundi mkuu tunamwita Mzee Kipimo, kwa sababu hata akikaa kwenye benchi hulipima kwanza. Yeye macho yamechoka na mwanga, anataka mtu wa kumwachia meza ya alumini. Amesema mtu huyo anaweza kuwa mimi. Lakini mwezi wa sita anakuja mkaguzi. Nitachomelea makopo matatu mbele yake, yajazwe maji, lisidondoke hata tone. Halafu nitamweleza kwa mdomo wangu ninachofanya na kwa nini. Nikishindwa, watamleta fundi kutoka kwingine na mimi narudi kwenye msasa. Meza ni moja tu.

Mikono yangu haina shida, mjomba. Shida ni mdomo. Na tena shida ni gesi.

Ile mashine inatumia mtungi wa agoni. Nilimuuliza Mzee Kipimo agoni inafanya nini, akajibu, "Haifanyi kitu." Nikacheka. Akasema, "Unacheka nini? Haifanyi kitu, ndiyo sababu tunainunua." Mtungi mzima, mrefu kuliko mimi, wa kitu kisichofanya kitu! Sasa asubuhi mshono wangu unatoka mzuri, unang'aa. Ikifika saa nane, saa tisa, unatoka mweusi na vitundu kama mkate uliochacha. Mzee Kipimo akasema ni mkono wangu. Nikamwambia hapana, gesi yako imeharibika, labda jua la mchana linaiozesha. Akakaa yeye mwenyewe mezani pangu saa tisa. Vitundu! Akapandwa na hasira, akabeba mtungi akaurudisha kwa muuza mitungi, akamwambia anauza upepo. Tumeletewa mwingine. Mambo yaleyale. Huo nao umerudishwa.

Wewe umetunza chupa za maabara ya shule miaka thelathini. Niambie, agoni inaoza? Na kwa nini haifanyi kitu? Niandikie kama unavyomwandikia mtu aliyeishia darasa la saba, maana ndiye mimi.

Joto huku limezidi. Bosi nakwenda naye kazini, anakaa stoo na Mama Stoo, mtunza vifaa, dirisha linatazamana na meza yangu. Nimemwekea feni mwanangu asiungue na joto.

Mpwa wako


19 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Sahihi ya Bosi nimeipokea na nimeitunza. Mwambie mama yako nimemsikia.

Mimi mzima. Mvua imetoboa paa juu ya kabati la vitabu, jirani amenipa beseni la kukingia.

Agoni haiozi. Hilo ondoa kichwani kabisa. Kitu huoza au kushika kutu kwa kuungana na kingine, na agoni haiungani na mtu. Ukiifungia ndani ya mtungi, mjukuu wa Bosi akaja kuufungua, ataikuta kama ulivyoiacha. Hata sasa unapovuta pumzi, katika sehemu mia za hewa karibu moja ni agoni. Inaingia kifuani mwako, inatoka ilivyoingia. Umeivuta tangu siku uliyozaliwa na haijawahi kukusalimia.

Kwa nini iko hivyo. Kila kitu kimejengwa kwa chembe ndogo zinazoitwa atomu, na kila atomu imezungukwa na vitu vidogo zaidi, elektroni. Zile za nje kabisa ndizo zinazofanya urafiki na ugomvi wote duniani. Sasa fikiria shati lenye nafasi nane za vifungo. Oksijeni ina vifungo sita. Nafasi mbili ziko wazi, kifua kinapigwa na baridi, kwa hiyo inahangaika kutwa nzima kushika vifungo vya wengine. Ikishika vya chuma, tunaona kutu. Sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ina kifungo kimoja tu kinachoning'inia, inakigawa kwa wa kwanza atakayekitaka. Agoni ina vinane, vyote vimefungwa. Haina cha kugawa, haina nafasi ya kupokea, na kuking'oa kimoja chake kunataka nguvu kubwa mno. Ndivyo zilivyo na ndugu zake, neoni, kriptoni, zenoni. Heliamu shati lake ni dogo, lina nafasi mbili tu, na zote mbili zimefungwa. Waliozipa majina waliziita gesi za kiungwana, kwa kuwa hazishikani ovyo na watu.

Kwa hiyo Mzee Kipimo amesema kweli. Mnainunua kwa sababu haifanyi kitu. Inasimama juu ya alumini yako iliyoyeyuka, na hewa haipati pa kupita.

Basi kama mshono una vitundu, hewa imepita. Usimuulize muuza mitungi. Chunguza kitu gani kipo mchana ambacho asubuhi hakipo. Tafuta upepo.

Mjomba wako

Jirani anasalimia. Anasema beseni si la kurudisha.


30 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Najua nimekawia. Bosi alipata kikohozi, sasa amepona, amerudi kututawala. Amejifunza kufungua kabati la vyombo na kukaa ndani, anafunga mlango, anagonga kutoka ndani ili tumkaribishe. Baba yake anamkaribisha mara ishirini kwa siku. Mama anasalimia, safari hii kidogo, kwa shingo upande.

Ni feni, mjomba.

Barua yako niliisomea stoo, wakati wa chai. Nilipofika hapo pa "tafuta upepo" nikainua macho, nikaiona inazunguka hapo dirishani, inamvumia mwanangu kwenye kona yake. Upepo ukimfikia unagonga ukuta, unageuka, unatokea dirishani, unapita juu ya meza yangu. Nikachukua karatasi nyembamba nikaishika pale mkono wa mashine unapokaa. Inapepea! Nikamwomba Mama Stoo azime. Imetulia. Asubuhi kunakuwa na ubaridi, sijamwashia. Saa nane ndiyo naiwasha kila siku, kwa mkono wangu mwenyewe. Hata ile siku Mzee Kipimo alipojaribu, feni ilikuwa inamzungukia hapo.

Nikachomelea pale pale. Mshono ukatoka kama mkufu. Nilitaka kuruka.

Sasa najua kuieleza agoni, nadhani. Ni kama shuka unalomkingia mtoto akitoka kuoga. Shuka halimpi joto lolote, linazuia tu upepo usimguse. Mimi nilikuwa nashika shuka kwa mkono mmoja na kulipeperusha kwa mwingine.

Ile ya vifungo nimemweleza mume wangu kwa kutumia shati lake. Ameelewa, lakini sasa akivaa anahesabu. Ana vifungo saba, anasema yeye amekuwa hatari kwa jamii.

Nina swali jingine. Mafundi wanasema mkaguzi anapenda kuuliza maswali ya kutega. Hizo gesi haziungani na kitu kabisa kabisa? Hata mara moja?

Na mjomba, tangu lini unajua habari za vifungo?

Mpwa wako


14 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kuhusu feni. Hilo la shuka ni zuri kuliko langu, mbele ya mkaguzi tumia lako.

Onyo moja kabla sijasahau. Agoni ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini, na mahali ilipojaa mtu hukosa hewa ya kuvuta bila kusikia harufu yoyote. Mtoto asilale sakafuni karibu na mitungi, na karakana isifungwe madirisha yote. Feni usiizime jumla. Igeuze.

Swali lako. Kwa miaka mingi watu waliamini hivyo, haziungani kabisa, na hata mimi nilipoanza kazi mwalimu mmoja mzee bado alikuwa anawafundisha wanafunzi hivyo. Si kweli. Zenoni ni atomu kubwa. Vifungo vyake vya nje viko mbali na mwili, uzi umenyooka, haushiki sana. Florini ina vifungo saba na inavuta kuliko kitu kingine chochote. Zenoni ikikutana na florini, inakubali. Zinatoka chembe nyeupe zinazong'aa, unaweza kuziona kwa macho. Agoni yenyewe imewahi kushikwa, lakini kwenye baridi kali isiyo ya kawaida, ukiipa joto kidogo inajitoa. Heliamu na neoni ndizo zenye vichwa vigumu zaidi. Kwa hiyo mkaguzi akikuuliza, usiseme kamwe. Sema mara chache sana.

Habari za vifungo mtu yeyote mwenye shati anazijua.

Sasa nami nina swali. Barua yako yote umeandika jinsi ulivyogundua. Mistari mingi. Hukuandika kama umemwambia Mzee Kipimo. Mtu amemwita mwenzake muuza upepo kwa ajili ya neno lako. Umemwambia?

Mjomba wako

Paa limezibwa. Jirani alishika ngazi.


20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Bosi anakuamkia pia, amejifunza kuamkia wakubwa, ila anaamkia na kuku.

Sikuwa nimemwambia. Ulijuaje? Nilikuwa nimeigeuza feni kimya kimya, mtungi wa tatu ukaonekana ni mzuri, na Mzee Kipimo akatembea karakana nzima kifua mbele: "Mmeona? Nilimkomesha yule!" Kila mtu anacheka, na mimi nacheka. Muuza mitungi akawa hatuletei tena, anatuma mtu anashusha getini na kuondoka. Nilikuwa najiambia nitasema baada ya mwezi wa sita, nikishapata meza. Barua yako nikaikunja nikaiweka chini ya godoro. Nikawa kila nikitandika naiona.

Nilimwambia siku ya Jumatatu. Nilimkuta anapima mfuniko.

"Mzee, gesi haikuwa mbovu."

"Gesi ipi?"

"Zote mbili ulizorudisha. Ni feni ya Bosi. Niliiwasha mimi."

Akaweka rula chini. Akaenda dirishani, akatazama feni, akatazama meza, akarudi kwenye feni. Akachukua karatasi ya sigara akaishika hewani kama nilivyofanya mimi. Kisha akatoka nje, na siku hiyo hakurudi. Jumanne hakunisemesha. Jumatano hakunisemesha. Mama Stoo akaniambia, "Mwanangu, anza kuzoea msasa." Nilikuwa nachomelea huku kioo cha barakoa kimeingia ukungu.

Alhamisi akaja na shati safi. "Vua aproni, tunatoka." Tukaenda kwa muuza mitungi, mjomba, mimi na yeye na Bosi mgongoni. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mitungi yake. Mzee Kipimo akasimama, akakohoa, akanyoosha kidole mgongoni kwangu:

"Aliyekuwa anauza upepo ni huyu."

Muuza mitungi hakuelewa. Nikamweleza yote, feni, dirisha, ukuta. Akaanza kucheka hadi kiti kikasogea. "Yaani mimi nimekosa usingizi mwezi mzima, nafungua mitungi yangu nainusa!" Akamwambia Mzee Kipimo, "Na wewe na kipimo chako chote!" Mzee akasema, "Sikupima upepo." Mjomba, sikuwahi kumsikia akikiri kitu. Njiani akanunua machungwa matatu, akampa Bosi la kwanza. Bosi akasema asante, kisha akadai na langu.

Kwenye meza amening'iniza pazia zito pande mbili, na Bosi amehamishiwa chumba cha mbele penye madirisha, mbali na mitungi. Onyo lako nilimsomea. Akasema mjomba wako angefaa karakana.

Mtihani ni tarehe kumi na mbili Juni. Naogopa, lakini sasa ni kuogopa kwa usafi.

Haya. Mimi nimeshasema langu. Barua ya kwanza beseni, ya pili ngazi. Vifungo, uzi ulionyooka, shati lenye nafasi nane. Jirani huyu ni fundi cherehani au siyo? Na la pili: ni jirani tu?

Mpwa wako anayesubiri


2 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na hongera. Ulilofanya Jumatatu ni gumu kuliko makopo matatu.

Siku ya mtihani kunywa maji, tazama mshono na siyo mkaguzi. Ukimaliza kuchomelea usiondoe mkono mara moja, iache gesi iendelee kutoka mpaka chuma kitulie.

Kuhusu swali la kwanza, ndiyo.

Kuhusu swali la pili, hapana.

Tarehe ishirini na saba Julai, njooni wote. Ananishonea suti, amenipima mara tatu, nadhani mara mbili hazikuwa za lazima. Miaka hamsini na nane nimekaa nimejifunga vifungo vyote, nikidhani ndiyo uungwana. Usimwambie mama yako kwanza. Nitampigia simu mwenyewe.

Mjomba wako


17 Juni

Mjomba wangu jamani!

Shikamoo mara mia. Ulipiga kweli! Mama alikuwa anachambua mchele, akaona jina lako kwenye simu akaitupa kitandani, akadhani kuna aliyefariki. Akaiokota, na uliposema habari yenyewe akaumwaga mchele wote. Kisha akapiga kigelegele ambacho Bosi amekiiga tangu siku hiyo na haachi, yuko nacho chooni, yuko nacho kwa majirani. Goti lenyewe limesahaulika, mama anapanda ngazi akitafuta kitambaa cha gauni. Amesema wifi yake mtarajiwa amchagulie rangi yeye, "maana aliyeweza kumfungua huyo, anaweza kila kitu." Baba Bosi ataoka keki, amekwishachora ghorofa tatu.

Sasa nikupe langu.

Mkaguzi ni mama mfupi, miwani imefungwa kwa kamba shingoni, sauti kama ya redioni. Hakunisalimia sana. Nikachomelea la kwanza, la pili, la tatu. Sikumtazama, kama ulivyosema. Yakajazwa maji, yakapangwa juu ya magazeti makavu, akakaa na saa yake. Karakana nzima wakaacha kazi. Dakika kumi. Ishirini. Chini ya kopo la tatu gazeti likaanza kulowa.

Mama Stoo alijifunika uso. Mzee Kipimo akaenda, akapiga magoti na viungo vyake vile, akapitisha kidole chini ya mshono wote polepole, mzunguko mzima. Akainua kidole. Kikavu. Akapitisha juu, kwenye mdomo wa kopo. Kimelowa. Walipokuwa wanajaza walimwagia maji kwa nje, yakateremka taratibu. Mkaguzi akalikausha mwenyewe kwa kitambaa, akabadilisha gazeti, akaanza kuhesabu upya. Dakika thelathini nyingine! Mume wangu anasema wakati huo huo aliunguza mikate mia mbili, akili haikuwepo.

Gazeti likabaki kavu.

Akaniita karibu. "Agoni inafanya nini?"

Nikamwambia, "Haifanyi kitu."

Akaivua miwani. Nikaona nikiishia hapo hapo nitaonekana mjinga, nikaendelea. Nikamwambia alumini ikiyeyuka ni kama mtoto aliyetoka kuoga, yuko wazi, kila kinachopita kinamdaka, na oksijeni ndiyo ya kwanza kwa sababu imepungukiwa vifungo viwili. Mimi namkingia kwa agoni. Siyo kwamba agoni ina nguvu ya kupigana. Ina vinane vyake, haitaki cha mtu na haina nafasi ya cha mtu, kwa hiyo inakaa naye bila kumgusa mpaka apoe. Na upepo ukiingia, hata wa feni ndogo, shuka linapeperuka na mtoto anaugua. Hapo Mzee Kipimo akakohoa.

Mkaguzi akauliza, "Una mtoto?"

Nikasema, "Huyo anayepiga kigelegele chumba cha mbele."

Akauma midomo asicheke. "Kwa hiyo gesi za namna hii haziungani na kitu kamwe?"

Nilimwona anatega! Nikamwambia, "Mara chache sana. Zenoni iliungana na florini. Na mjomba wangu ana miaka hamsini na nane, anaoa mwezi ujao." Hapo wote wakalipuka, mkaguzi mwenyewe akafuta macho kwa ile kamba ya miwani. Akaandika mstari mmoja kwenye karatasi, akatia sahihi, akampa Mzee Kipimo, siyo mimi. Mzee akausoma. Akausoma tena. Akaikunja karatasi mara mbili, kingo zikalingana barabara, ndipo akanipa. Imeandikwa: anafaa, akabidhiwe meza.

Sikulia. Mama Stoo ndiye alilia, mimi nilikuwa namshikilia.

Leo ni siku ya tatu nikiwa na meza yangu. Naandika wakati wa chakula, Bosi amelala kwenye chumba cha mbele, amekumbatia ganda la chungwa. Mzee Kipimo ameenda kupimwa macho, kwa mara ya kwanza amekubali kupimwa yeye. Nilitaka kukuuliza kuhusu tarehe ishirini na saba, je, wifi, yaani shangazi, sijui nimwite nani, mjomba, niambie mwenyewe anapenda aitweje. Na nilitaka kumletea zawadi niliyochomelea kwa mkono wangu, nafikiria kibweta cha alumini cha kuwekea sindano na

Kuna mtu getini anaita fundi. Nimemwambia Mama Stoo amjibu Mzee hayupo. Ananitazama tu. Anaita tena: "Fundi! Jamani, fundi wa alumini yuko wapi?" Mama Stoo anasema, "Wewe mwanamke, mbona huitiki?"

Mjomba, ni mimi! Ninayeitwa ni mimi. Ngoja, nimemwona dirishani, amekumbatia kopo limepasuka shingo kama mgonjwa, lile nikianzia upande wa shikio nikashuka taratibu, linaweza kupona kabi